Hofu ya Ulaya, dhahabu ya Misisi

Kuna mnunuzi mmoja wa dhahabu hapa Baraka, si mbali na soko, ambaye kila asubuhi mbele ya kufungua mlango anaangalia simu yake. Hatafuti habari za Kinshasa wala za vita. Anatafuta bei ya London. Bei hiyo ndiyo itamwambia atalipa kiasi gani kwa gramu inayoshuka kutoka Misisi, Lubichako au Lulenge. Mwezi wa Oktoba 2025 bei hiyo ilipita dola 4000 kwa aunsi moja, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana. Aunsi ni gramu 31 na kidogo, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilikaribia dola 130. Siku chache baadaye nilipita kumsalimu, akaniuliza mimi mwandishi wa habari: wazungu wanaogopa nini mpaka wananunua hivi?

Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa kwenye semina za hoteli. Tulijibu.

Ulaya inaogopa mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka 2021, karibu 45% ya gesi iliyonunuliwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, gesi hiyo ya bei nafuu ilianza kukatika, na mwaka 2024 ilikuwa imebaki karibu 19%. Viwanda vya Ujerumani vilivyozoea gesi hiyo vikaanza kuhema: uchumi wa nchi hiyo, mkubwa kuliko wote Ulaya, ulipungua mwaka 2023 na ukapungua tena mwaka 2024. Ufaransa ina deni linalozidi euro miliari 3300, na serikali mbili zilizojaribu kupunguza matumizi ziliangushwa na bunge: ya Michel Barnier Desemba 2024, ya François Bayrou Septemba 2025. Marekani, rafiki wa siku zote, mwaka 2025 ilianza kutoza 15% kwa sehemu kubwa ya bidhaa za Ulaya, kwa mapatano ya Julai mwaka huo. China nayo inauza magari ya umeme kwa bei ambayo viwanda vya Ulaya haviwezi kuifikia.

Septemba 2024, Mario Draghi, aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Ulaya, alitoa ripoti ndefu yenye hesabu ya kutisha: Umoja wa Ulaya unahitaji kuongeza euro miliari 750 hadi 800 za vitega uchumi kila mwaka, la sivyo utaendelea kuachwa nyuma na Marekani na China. Kabla hata hawajajua watazitoa wapi, likaja la silaha. Machi 2025 Tume ya Ulaya ilitangaza mpango wa kukusanya mpaka euro miliari 800 kwa ajili ya ulinzi. Juni, kule La Haye, nchi za NATO zikaahidi kufikia 5% ya pato la taifa kwa ulinzi na mambo yanayohusiana nao ifikapo mwaka 2035.

Hayo yote ni mambo ya watu wengine, mtu anaweza kusema. Sisi huku tuna ya kwetu: Bukavu ilianguka Februari 2025, waliokimbia vita wamejaa kwenye nyumba za jamaa zao, barabara ya taifa namba 5 ni tope. Lakini mnunuzi wetu ameelewa kitu ambacho viongozi wetu wengi hawajakielewa. Hofu ya Ulaya inafika Fizi, na inafika haraka kuliko msaada wake.

Inafika hivi. Mtu mwenye hofu na pesa ananunua dhahabu, na benki kuu za nchi zinafanya vilevile. Poland, jirani wa Ukraine, ndiyo iliyonunua dhahabu nyingi kuliko benki kuu zote zilizotangaza manunuzi yao mwaka 2024: tani 90 hivi. Benki Kuu ya Ulaya yenyewe iliandika Juni 2025 kwamba katika akiba za benki kuu za dunia dhahabu ilikuwa imeipita euro, ikishika nafasi ya pili nyuma ya dola. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Pesa ambayo Ulaya ilitumia zaidi ya miaka ishirini kuijengea jina imepitwa na jiwe linalotolewa kwenye tope na kijana asiye na viatu.

Kwa kawaida tungesema vizuri, vita vya panzi furaha ya kunguru. Bei ikipanda, Fizi ifurahi. Aliyewahi kufika Misisi anajua furaha hiyo inagawanywaje.

Shimo lina mwenye shimo, ambaye wachimbaji wanamwita PDG. Yeye ndiye anayetoa chakula, mashine ya kuvuta maji, mbao na dawa, na kila kitu anakiandika. Mawe yakitoka, deni linakatwa kwanza. Kisha mwenye ardhi ana sehemu yake, mwenye mashine ana yake, wakubwa wa kiasili wana yao. Wako wanaotoza kwa jina la serikali, wenye karatasi na wasio na karatasi, na wako wanaotoza kwa jina la bunduki. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimerudia kwa miaka mingi kwamba makundi yenye silaha na baadhi ya wanajeshi wanakula kwenye dhahabu ya wilaya yetu. Akina mama wanaotwanga mawe wanalipwa kwa kilichobaki. Kila mkono unajua bei ya London kwa sababu kila mkono una simu. Bei ikipanda, kila mkono unapandisha sehemu yake, na mchimbaji wa chini anabaki pale alipokuwa, isipokuwa sasa kilo ya unga nayo imepanda, kwa maana Misisi hailimi, inaletewa chakula.

Bei hiyo inafanya na jambo jingine ambalo halionekani kwenye ripoti. Inamaliza mikono ya mashamba na ya ziwa. Nimekwenda kwenye vijiji vya sekta ya Mutambala ambako mihogo inaozea ardhini kwa sababu vijana wote wameenda kuchimba. Walimu ambao mshahara wao unachelewa wanafuata wanafunzi wao kwenye mashimo. Sitawalaumu, kwa dola 130 hata mimi nimewahi kuwaza.

Kisha dhahabu inaondoka. Inaweza kuelekea Uvira na Bujumbura, au kuvuka Tanganyika usiku kwenda Kigoma, na mwisho wake mara nyingi ni Dubai. Kilo moja ni ndogo sana. Wala haihitaji lori, mtu anaifunga kiunoni na kupanda boti pamoja na wauza ndakala. Kwenye daftari za taifa letu haikuwahi kuzaliwa.

Hapa ndipo nina neno na Ulaya, na neno lenyewe halihusu msaada.

Ulaya ina sheria. Iliipitisha mwaka 2017, ni kanuni namba 821, na ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021. Inasema anayeingiza bati, tantali, tungsteni au dhahabu katika Umoja wa Ulaya ni lazima ajue imetoka wapi na ahakikishe haikulisha vita. Ni sheria nzuri, iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria Kivu. Lakini ina matundu ambayo dhahabu ya Misisi inapita kama maji kwenye tenga. Kwanza inamgusa anayeingiza dhahabu kuanzia kilo 100 kwa mwaka. Chini ya hapo hana la kujibu. Halafu inahusu madini na metali zenyewe, haihusu bidhaa zilizokwisha kutengenezwa: mkufu ulioshonwa Dubai au simu iliyofungwa Asia vinaingia bila swali. Na dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa na kuchanganywa na nyingine inabeba jina la kiwanda kilichoiyeyusha. Kutoka hapo, ni nani atakayeitafuta Ngandja?

Tulitegemea matundu hayo yatazibwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria nyingine, pana zaidi, ya kulazimisha kampuni kubwa kuchunguza madhara kwa watu na mazingira katika mnyororo wote wa wauzaji wao. Haijaanza hata kufanya kazi. Februari 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kuilegeza, na Aprili ikasogezwa mbele kwa mwaka mmoja. Sababu iliyotolewa ni ileile ya Draghi: viwanda vya Ulaya vinabeba karatasi nyingi mno, vinashindwa kushindana. Tazama basi safari ya hofu hiyo. Upande mmoja inapandisha bei ya dhahabu inayolisha bunduki zetu. Upande wa pili inalegeza sheria ambayo ingeweza kuuliza maswali. Sidhani kuna mtu Bruxelles aliyekaa akapanga viende pamoja. Huku chini vinakutana hata hivyo.

Na si dhahabu tu. Ulaya inayotaka magari ya umeme na silaha inahitaji madini ambayo sasa inayaita ya lazima, tantali ikiwemo, ile inayotoka kwenye koltani. Ndiyo maana ilitia saini na Kongo Oktoba 2023, kisha na Rwanda tarehe 19 Februari 2024, wakati M23 ilikuwa tayari inashika sehemu kubwa ya Kivu ya Kaskazini na Umoja wa Mataifa ulikwisha kuandika nani yuko nyuma yake. Mwaka mmoja baadaye, Goma ikiwa imeanguka, Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kutaka mapatano hayo na Rwanda yasimamishwe: kura 443 ziliunga mkono, 4 zilipinga. Machi 17 zikafuata adhabu dhidi ya watu tisa na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo kilichoko Kigali. Kura ya Bunge hailazimishi Tume. Adhabu kwa kiwanda kimoja ni jambo, na tuseme wazi kwamba ni jambo zuri. Lakini miji ilikuwa imekwisha kuanguka.

Wapo watakaoniambia niache kuomba sheria kali, kwa sababu tumezionja. Wana haki ya kusema hivyo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank yenye kipengele kuhusu madini ya Kongo, na Septemba mwaka huohuo Rais Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Wanunuzi walikimbia. Familia zilizoishi kwa kasiterite na koltani zilibaki bila karo ya shule, na hata marufuku ilipoondolewa wanunuzi wengi hawakurudi mara moja. Sitaki kuona hayo tena.

Lakini tukumbuke ni nani aliyeumia na ni nani aliyepona. Aliyeumia ni mwenye kasiterite, kwa sababu gunia la kilo 50 halifichiki. Dhahabu haikusimama hata siku moja. Ilipita, na wachimbaji wengi wa kasiterite wakahamia kwake. Kwa hiyo fundisho la 2010 halisemi kwamba sheria zote ni mbaya. Linasema kwamba sheria inayombana aliye wazi na kumwachia aliyefichika inawasukuma watu mafichoni. Kanuni ya 2017 imerudia kosa hilohilo kwa njia nyingine, na kuilegeza hakutalirekebisha. Kinachohitajika ni kuuliza maswali kule dhahabu inakoyeyushwa na kuuzwa kwa tani, Dubai na kwingineko, ambako wanaojibu ni matajiri wachache, si kwenye shimo ambako wanaojibu ni maelfu ya maskini. Ulaya inafanya biashara kubwa na Falme za Kiarabu, na mwaka 2025 ilianza nao mazungumzo ya biashara huria. Hapo ndipo swali la dhahabu yetu linapaswa kuwekwa mezani. Kijana wa Misisi hahitaji kujaziwa fomu nyingine.

Sasa kuhusu msaada, nitasema machache, kwa kuwa ndilo jambo ambalo wote wanalizungumza. Unapungua, na utaendelea kupungua. Februari 2025 Uingereza ilisema waziwazi kwamba itashusha msaada wake kutoka 0.5% ya pato la taifa mpaka 0.3% ifikapo 2027 ili ilipie ulinzi. Ubelgiji inakata robo katika miaka mitano. Ujerumani na Ufaransa nazo zimekata. Ukijumlisha na Marekani iliyofunga USAID, unaelewa kwa nini kwenye kambi ya Lusenda, walikopokelewa ndugu wa Burundi tangu 2015, na kwenye vijiji vyetu vinavyopokea waliokimbia vita, watu wanahesabu siku kati ya mgawo na mgawo.

Pesa hizo zilifanya kazi, wasituambie zilipotea zote. Wakaaji wa Uvira wanajua mradi wa maji uliofanywa na Regideso kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, shirika la AFD la Ufaransa na wakfu wa Veolia, katika mji ambao kipindupindu ni mgeni asiyeondoka. Baraka tunakunywa ziwa lilelile na tunaugua ugonjwa uleule. Tulikuwa tunategemea na sisi tufikiwe siku moja. Kwa hali hii ya bajeti za Ulaya, nadhani tusikae tukingoja.

Sina ugomvi na mfanyakazi wa Liège au mzee wa Marseille anayesema kodi yake ibaki kwanza kwenye hospitali yake. Msaada ni hiari ya mtoaji. Ugomvi wangu ni kwamba dhahabu haikutolewa kwa hiari. Kulipia maji ya Baraka hakukuwa wajibu wa Ulaya. Kujua soko lake linanunua nini ni wajibu wake, na ni wajibu ambao haugharimu hata sehemu ndogo ya zile miliari 800.

Nikimaliza na Ulaya nageukia Kinshasa, na hapo kalamu inakuwa nzito. Januari 2023 serikali ilizindua Primera Gold huko Bukavu, pamoja na washirika kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka huo dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyotoka kwa njia halali ilifika tani 5 hivi, wakati mwaka uliotangulia ilihesabiwa kwa makumi ya kilo. Dhahabu haikuongezeka ardhini. Ilihesabiwa tu. Baadaye serikali ilichukua kampuni yote na kuipa jina la DRC Gold Trading, na Februari 2025 mlango wa Bukavu ukafungwa na vita. Kwa hiyo tunajua inawezekana. Mchimbaji akipata bei ya kweli karibu na shimo, bila kupita barieri kumi, hana sababu ya kuvuka ziwa usiku. Je, nani amefikiria kuleta kontwari ya serikali Baraka, au Misisi kwenyewe? Sekta ya Ngandja inatoa dhahabu kila siku, lakini mtu akiugua huko anabebwa kwa pikipiki saa nyingi kutafuta daktari.

Barieri ni jambo ambalo halihitaji Bruxelles hata kidogo. Kuna zile ambazo kila dereva anazijua kwa jina, na kila mkubwa wa wilaya anazijua pia. Zinatoza pikipiki, zinatoza mkaa, zinatoza mama aliyebeba ndoo ya mawese. Mwenye dhahabu peke yake hatozwi hapo, kwa kuwa anajua njia nyingine au anajua nani wa kumpigia simu. Tukiwaandikia Wazungu kuhusu matundu ya sheria yao na kuziacha barieri hizi zimesimama, watatucheka, na watakuwa na haki.

Bajeti ya 2026 ilijadiliwa Kinshasa mwaka 2025. Wabunge tuliowachagua Fizi wapo kule. Hatuwaombi wazungumze juu ya gesi ya Urusi wala deni la Ufaransa. Wamuulize waziri wa madini, kwa maandishi ili jibu libaki: mwaka 2025, dola 130 kwa gramu, ni gramu ngapi zilizoandikwa kutoka Ngandja na Lulenge, zilinunuliwa na nani, na sehemu ya sekta hizo iko wapi? Na nakala ya swali hilo wapeleke kwenye ofisi ya Umoja wa Ulaya palepale mjini.

Mnunuzi wetu wa Baraka nilimjibu kadiri nilivyoweza, gesi, deni, vita, ushuru wa Marekani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hofu hiyo itadumu, kwa sababu alikuwa na gramu alizonunua kwa bei ya juu na boti ilikuwa inaondoka jioni.